Saa Kumi na Dakika Kumi

Mlinzi wa geti la wodi ya wazazi alikuwa na jina lake zuri tu, alilopewa na baba yake, lakini hakuna aliyelitumia. Wauguzi, wagonjwa, wauza karanga wa nje ya ukuta, hata mkewe siku akikasirika, wote walimwita Kadi Kwanza. Ukifika pale getini, uwe unatembea au umebebwa, neno la kwanza kulisikia halikuwa karibu wala pole. Lilikuwa "kadi kwanza."

Tusimwonee lakini. Hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuja hospitalini alilinda bohari la mbao kwa miaka kumi na minne, mahali ambapo hata ubao mmoja haukutoka bila hati. Siku moja, moja tu, alimhurumia jamaa mmoja akamwachia apite na mkokoteni uliojaa. "Hati nakuletea kesho asubuhi, mzee wangu." Jamaa yule hajaonekana mpaka leo, wala mkokoteni, wala mbao. Kadi Kwanza aliponea chupuchupu kufukuzwa kazi, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi alipohamia hospitalini na kukuta kibao chenye herufi nyekundu, HAKUNA KUINGIA BILA KADI YA KLINIKI, alikipenda kama vile alikipaka rangi yeye mwenyewe. Kibao kilikuwa kimewekwa kwa sababu kuna watu waliojifanya wagonjwa, wakaingia wodini mikono mitupu na kutoka wamenenepa kwa mashuka. Chini ya ulinzi wake mashuka yaliacha kunenepesha watu. Alisifiwa mbele ya wafanyakazi wote, na sifa, jamani, humlevya hata asiyekunywa.

Alikuwa pia na daftari. Kila aingiaye na kila atokaye aliandikwa, saa na dakika, kwa mwandiko wa kuunganisha aliochapiwa viboko vingi mpaka akaujua. Hakuna mkubwa aliyewahi kulisoma. Likijaa, alilitia kwenye sanduku la bati kibandani kwake, akafungua jingine.

Jumanne moja, jua likiwa bado kali, alikuja mwanamke mjamzito kwa miguu. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, na mkanda wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Mimba ilikuwa imepita miezi minane. Uso ulikuwa umemvimba, na mkono mmoja ulishika paji la uso.

"Shikamoo baba. Kichwa kinanipasuka tangu asubuhi. Na sasa macho yananiletea nyota."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kadi kwanza."

"Kadi iko nyumbani, kwa mama mkwe. Nimetokea kazini moja kwa moja."

"Basi kaichukue. Mimi sendi popote, utanikuta papa hapa."

Alilisema kwa upole, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Hakumfokea. Alimwonyesha hata njia ya mkato ya kupitia nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kisha akakaa, akaandika: *Saa 10:10 alasiri. Mjamzito, anaumwa kichwa. Hana kadi. Amerudishwa.*

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano teksi ilifunga breki mbele ya geti. Kadi ilitangulia dirishani, mkononi mwa mama mkwe, imeinuliwa juu. Nyuma ya kadi, kwenye kiti, fundi alikuwa akitupatupa mikono na miguu, macho yamegeuka, povu mdomoni. Kadi Kwanza aliitazama kadi. Ilikuwa halali. Akafungua geti.

Mama aliokolewa. Mtoto wa kike mwenye nywele tele, kilo mbili na nusu, alizaliwa bila pumzi. Baada ya siku tano fundi alitoka akiwa ameshikwa mkono na mama mkwe, na mlinzi akaandika saa yao ya kutoka kama alivyoandika za wengine. Hakuweza kuwatazama usoni. Alijiambia kwamba kazi ni kazi na amri si yake, akanywa chai yake ikiwa imepoa.

Kila mwezi pale hospitalini kulikuwa na kikao cha kujadili vichanga waliofariki. Kilifanyika katika chumba kilichopakana na kibanda cha mlinzi, na kazi ya kuingiza mabenchi ilikuwa yake. Safari hii alikuwa bado anapanga benchi la mwisho walipofika kwenye jalada la fundi. Daktari alisoma haraka haraka: mimba ya kwanza, presha juu sana, kifafa cha mimba, kondo la nyuma likaachia kabla ya wakati, mtoto akakosa hewa. Halafu akafika mahali pa sababu.

"Mama alichelewa kufika hospitalini," akasema, na kalamu ya karani ikaanza kuandika.

Kadi Kwanza alibaki ameinama juu ya benchi. Alikuwa na mkataba unaokwisha mwezi ule ule. Mdomo wake mwenyewe ulimwambia anyamaze, na kwa kawaida alikuwa mtu wa kuusikiliza.

"Hakuchelewa," akasema.

Wote wakageuka. Mlinzi kusema kikaoni ni kama benchi lenyewe kusema.

"Alifika saa kumi na dakika kumi. Mimi ndiye niliyemrudisha akachukue kadi. Alichelewa kurudi, si kufika."

"Mzee," daktari akasema polepole, "unajua unachokisema?"

"Nakijua, daktari. Nimekiandika kwa mkono wangu."

Akaenda kibandani akaleta daftari. Lilizunguka meza nzima, mkono kwa mkono. Muuguzi mkuu wa wodi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha jirani, ambaye kila mtu alimwita Sista Mkuu, ndiye aliyekaa nalo muda mrefu zaidi. Alifungua kurasa za nyuma, kisha za nyuma zaidi. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Katika mwaka mmoja tu, neno *amerudishwa* lilikuwa limeandikwa mara thelathini na moja.

"Na sisi," akasema Sista Mkuu, "tumekaa humu miaka yote tunaandika kwamba akina mama wanachelewa."

Nilidhani, na wewe pengine ulidhani, kwamba mlinzi atafukuzwa. Yeye mwenyewe alishaanza kukunja sweta lake kibandani. Lakini Sista Mkuu alimfuata na bisibisi mkononi, akamwamuru apande ngazi akaking'oe kile kibao. Kilipofika chini alikikanyaga, kwa bahati mbaya, mara mbili.

"Sikiliza, mzee wangu. Kibao tulikiweka sisi, dhambi tutagawana. Tangu leo mwenye mimba anaingia, kadi itamfuata. Na wewe utajifunza kutazama."

"Nitazame nini, Sista?"

"Watu. Karatasi umeshazitazama vya kutosha."

Akamfundisha hapo hapo, amekalia ndoo iliyogeuzwa. Uso uliovimba na kichwa kinachouma, huyo ni wa kukimbizwa. Anayetoka damu, hata kidogo, hata kama haumwi, ni wa kukimbizwa. Aliyepasuka chupa tangu jana na uchungu haujaja, naye vivyo hivyo. Anayesema mtoto hachezi tumboni kama alivyozoea, huyo usimwambie mtoto amelala. Kope za ndani nyeupe kama karatasi maana yake damu imepungua. Msichana mdogo anayejificha nyuma ya shangazi yake, na mama wa mimba ya saba anayesema yeye amezoea, hao wote wawili wapite upesi, mmoja kwa sababu hajui na mwingine kwa sababu anadhani anajua.

"Wahenga walisema kawia ufike," Kadi Kwanza akajaribu kuchangia.

"Mhenga huyo hakuwahi kubeba mimba," akajibu Sista Mkuu. "Shika ile nyingine. Ngojangoja huumiza matumbo."

Mwanzoni alizidisha, kama kawaida ya mwanafunzi mpya. Siku moja alimkalisha mwuza karanga kwenye kiti cha magurudumu kwa nguvu kwa sababu uso wake ulikuwa umevimba, mpaka yule mama akapiga kelele kwamba hana mimba, hana presha, ndivyo alivyoumbwa na mama yake alikuwa hivyo hivyo. Soko zima lilicheka kwa wiki moja. Lakini wiki iliyofuata alimkimbiza mama aliyekuwa akisema mtoto wake hajacheza tangu alfajiri, na mtoto yule akatolewa kwa upasuaji akiwa hai, mnyonge lakini hai. Watu wakaacha kucheka. Jina nalo likaanza kubadilika lenyewe, na siku moja akasikia muuguzi kijana akimwita Ingia Kwanza. Alijifanya hakusikia, ila jioni alimwambia mkewe mara tatu.

Mkewe ndiye aliyemletea habari. Ilikuwa mwaka na nusu baadaye. Alikuwa amepeleka suruali ya kazi ya mumewe sokoni ikashonwe magoti, akarudi nayo haijashonwa.

"Yule fundi ana mimba tena," akasema. "Kubwa. Na amekataa hata kuigusa hii suruali alipoona ni ya hospitali. Anasema pale getini kwenu hatakanyaga tena, afadhali azalie juu ya cherehani. Mama mkwe wake ameshamtafutia bibi wa kumzalisha nyumbani."

Mlinzi aliweka chini kijiko. Sasa alijua mambo ambayo zamani hakuyajua. Alijua kwamba aliyepata kifafa cha mimba mara ya kwanza anaweza kurudiwa nacho, na kwamba mama aliyezaa mfu ni wa kuchungwa kuliko wengine wote. Bibi wa kuzalisha, hata awe na mikono ya dhahabu, hana dawa ya kushusha presha ndani ya pochi. Usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini ukishalijua hulali.

"Nitakwenda," akasema.

"Kumwambia nini, baba watoto? Kadi kwanza?"

Kesho yake, siku yake ya mapumziko, mlinzi alifungua sanduku la bati, akapekua mpaka akalipata daftari lenyewe, akalifunga kwenye mfuko, akaenda sokoni.

Fundi alikuwa anapiga pindo la pazia. Mguu ulisimama juu ya kanyagio. Alimtambua kabla hajasalimiwa. Mama mkwe, mwanamke mwembamba wa maneno mafupi, alikuwa pembeni akifungua nyuzi.

"Suruali zako nimekwisha kusema sishoni."

"Sikuja kwa suruali, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile ulifika mapema. Mimi ndiye niliyekurudisha."

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Najua ulinirudisha. Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Unajua wao wanasemaje? Majirani, wifi zangu, kila mtu? Wanasema nilikomaa na cherehani mpaka nikamuua mtoto. Karatasi ya hospitali imeandikwa nilichelewa. Mume wangu hasemi, lakini najua ameisoma. Nikisema nilifika mapema naonekana najitetea. Mwisho hata mimi nilianza kuamini. Nasema labda nilishona pindo moja zaidi. Labda mawili."

Mama mkwe aliendelea kufungua nyuzi, lakini vidole vilikuwa vimepoteza njia.

Mlinzi akafungua daftari, akaliweka juu ya pazia, akaweka kidole chini ya mstari. Fundi alisoma. Alisoma tena. Akaligeuza daftari upande wa mama mkwe.

"Mama, soma."

"Miwani sina."

"Kidole chake kipo hapo. Soma."

Mama mkwe akasogeza macho karibu, akasoma kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, neno kwa neno. "Saa kumi na dakika kumi. Mjamzito. Anaumwa kichwa." Hakumaliza. Aliinua kona ya kitenge chake akajifuta uso, halafu akamshika fundi mkono, na kwa muda mrefu hakuna aliyemjali mlinzi, na ndivyo ilivyopasa.

"Karatasi ilirekebishwa," mlinzi akasema hatimaye. "Sista Mkuu aliandika upya kwa mkono wake. Tulipaswa kukuletea siku ile ile, tukaona haya, tukakaa. Na kibao kimeng'olewa. Mwanangu, mimi si daktari, ni mlinzi tu. Lakini presha ile hurudi. Kliniki umekwenda?"

"Mara moja, ya zahanati. Walinipa vidonge."

"Unavimeza?"

"Navimeza."

"Vimeze. Na kichwa kikianza, usiende kuchukua kitu chochote popote. Njoo hivyo ulivyo."

"Sijasema nitakuja," fundi akamjibu, na akakanyaga cherehani.

Basi mlinzi akarudi hivyo hivyo, bila ahadi. Siku zile zilizofuata geti la wodi ya wazazi halikufungwa kwa komeo hata mara moja. Liliegemezwa tu kwa jiwe. Akija mwanamke yeyote mwenye tumbo, mlinzi aliinuka nusu, akatazama uso, akakaa. Mwezi ukaisha. Alimuuliza mkewe kama fundi bado anashona. Bado anashona. Wiki nyingine. Bado. Ile ya tatu mkewe akarudi kutoka sokoni akasema kibanda kimefungwa, na hakuna aliyejua kwa nini. Mlinzi hakula siku ile. Bibi yule wa kuzalisha alikuwa akikaa mtaa huo huo wa fundi, hatua chache tu, na mtu huhitaji ujasiri mwingi kupita mlango wa karibu aende wa mbali uliomuumiza.

Siku ya pili yake, asubuhi, saa mbili na ushei, aliwaona wakija kwa upande wa kiwanda cha sabuni. Mama mkwe alitangulia, anapasua njia kama anayefukuza kuku. Fundi alikuwa nyuma, mkono kwenye paji la uso.

Mlinzi alilipiga jiwe teke, akavuta kiti cha magurudumu, akatoka nje ya geti lake. Miaka saba ya kazi, na hajawahi kumpokea mtu nje ya geti.

"Kimeanza alfajiri," fundi akasema, akijishusha kitini. "Nilikuwa nimejifungia nyumbani, najipumzisha. Mama akasema twende kwa bibi. Mimi nikasema hapana." Alipumua. "Kadi iko juu ya kabati. Sikuichukua."

"Umefanya vizuri."

"Nimeiacha makusudi. Nilitaka kuona."

"Basi tazama," mlinzi akasema, akaanza kukimbia. Hakuwa na umri wa kukimbia, na kiti kilikuwa na gurudumu moja linalokwenda upande wake, lakini alikimbia, huku akipiga kelele kumwita Sista Mkuu ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa akiita wengine.

Presha ilikuwa juu, lakini haikuwa imefika kule ilikofika mara ya kwanza. Wakamchoma sindano ya kuzuia kifafa, wakampa dawa ya kushusha presha, wakamwanzishia uchungu. Zamu yake ilipokwisha mlinzi alikwenda nyumbani kwa shingo upande, akarudi mapema kuliko jogoo. Saa tano ya asubuhi hiyo ya pili, dirisha la chumba cha kuzalia likiwa wazi, alisikia sauti ya Sista Mkuu ikisema, "Ametoka."

Halafu kimya.

Mlinzi alijua sasa maana ya kimya kile. Alijua kwamba zamani mtoto asiyelia alifunikwa tu nguo na kuwekwa pembeni, na kwamba wengine kati yao walikuwa wanangoja mtu wa kuwasaidia pumzi ya kwanza. Alisikia nyayo zikikimbia, hatua nne, kwa kuwa meza ya kuwahudumia watoto ilikuwa imesogezwa mle ndani tangu kikao kile. Alisikia kitambaa kikisugua. Alisikia puto la kumpulizia mtoto hewa likibonyezwa, fuu, fuu, na Sista Mkuu akihesabu kama mwalimu wa chekechea. Mama mmoja alifika getini akasalimia, hakumjibu. Fuu. Fuu.

Kisha kitu kikakohoa mle ndani, kikakoroma kama paka aliyekanyagwa, na kikaanza kulia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila sababu. Mlinzi alikaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, akalia naye. Mama aliyesalimia akamuuliza kama amefiwa. "Hapana," akasema, "ingia, mama, ingia kwanza."

Siku ya tano walitoka. Mtoto alikuwa wa kiume, kilo mbili na robo, amefungwa kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi kama alivyoagizwa, inaonekana kofia tu, nayo ilikuwa imeshonwa kwa kipande cha pazia. Mlinzi alisimama, akavuta daftari.

Fundi hakupita. Alisimama mbele ya meza.

"Andika nikiona."

Akaandika taratibu, kwa ule mwandiko wa viboko.

"Nisomee."

"Saa nne na dakika ishirini asubuhi," akasoma. "Aliingia mmoja. Wametoka wawili."

"Wawili?" Mama mkwe akaingilia, mizigo yote mikononi. "Na mimi niliyebeba ndoo, nimebaki wodini?"

Mlinzi akaomba radhi, akakata maneno, akaandika juu yake *waliingia wawili, wametoka watatu*. Fundi akaangalia mpaka kalamu ikainuka. Akamwambia mzee alete ile suruali, magoti yake atayashona, halafu akatoka pole pole kwa upande wa kiwanda cha sabuni, kwenye ile njia ya mkato.